Uji wa Kulazimisha Haumjengi Mtoto

Swali linalorudi kila mara katika kliniki za watoto ni hili: "Mwanangu hali, nifanyeje?" Ukimdadisi mama, mara nyingi utakuta mtoto anakula, ila hamalizi alichopakuliwa. Hapo ndipo mabavu huanza: bibi anamshika mikono, shangazi anambana pua, mama anammiminia uji. Hofu yao tunaielewa. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na hakuna mzazi anayefurahi kuona bakuli limebaki nusu. Lakini mtoto anayemiminiwa uji huku analia anaweza kupaliwa, uji ukaingia mapafuni na kumletea nimonia. Tunaomba jambo hili likome.

Ipo hasara nyingine isiyoonekana mapema. Mtoto huzaliwa na uwezo wa kutambua njaa na shibe. Mchanga akitosheka huachia titi mwenyewe. Akikua kidogo hugeuza uso, hufunga mdomo, husukuma kijiko. Akipuuzwa kila siku, ama ataogopa chakula, ama atazoea kula bila kusikiliza tumbo lake.

Mwaka wa pili ndio unaowatisha wazazi wengi. Mtoto akitimiza mwaka mmoja huwa na karibu mara tatu ya uzito aliozaliwa nao, lakini mwaka unaofuata huongeza takriban kilo mbili na nusu tu. Ukuaji ukipungua kasi, hamu ya kula nayo hushuka. Tumbo lenyewe ni dogo: wa miezi 6 huanza na vijiko viwili au vitatu vya chakula, na wa kati ya mwaka mmoja na miwili hutosheka na robo tatu ya kikombe cha mililita 250, au kikombe kizima, kwa mlo. Apewe milo mitatu hadi minne kwa siku, na maziwa ya mama yaendelee.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aligawa kazi hii vizuri: mzazi huamua kuna chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto huamua ale kiasi gani, au asile. Kwa maoni yetu, sehemu ngumu ni ya mzazi. Mtoto aliyeshinda na biskuti na juisi ya paketi hatakuwa na njaa saa ya ugali na dagaa. Chai ya rangi wakati wa mlo nayo hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa mwilini, hata pale alipokula vizuri.

Akikataa matembele leo, yapike tena wiki ijayo, umwekee kidogo, na wewe ule mbele yake. Watoto wengi huhitaji kuonja chakula kipya mara nane, kumi au zaidi kabla hawajakikubali. Usimwambie, "Maliza mchicha nikupe soda." Utakuwa umemfundisha kwamba mchicha ni adhabu na soda ndiyo zawadi. Wala asiitwe bonge au kimbaombao mezani, hata kwa utani. Na pale familia inapokula sinia moja, mdogo apakuliwe sahani yake. Kwenye sinia wakubwa humshinda kasi, na mama hajui amekula kiasi gani.

Kutokula kwingine ni ugonjwa. Mpeleke kituo cha afya ikiwa mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala au unashuka, ana homa au kuhara, amevimba miguu, au amekataa kabisa kula na kunyonya. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kumpima mzingo wa mkono kwa utepe: kwa mwenye miezi 6 hadi miaka 5, chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo unaohitaji matibabu, na chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, apelekwe siku hiyohiyo.