Goti jipya na baridi ya Mbeya: usikisingizie chuma

Kila ikifika Juni swali hili huingia kliniki: "Daktari, hiki chuma mlichoniwekea ndicho kinachovuta baridi?" Udaktari wenyewe wananipa bure, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, lakini swali ni halali kabisa. Mama aliyebadilishiwa goti amekaa sebuleni kwake Isyesye na sweta mbili, kofia ya sufu na blanketi juu yake, huku wajukuu chumba hichohicho wanakimbizana na fulana. Huku kwetu tunasema baridi imeingia kwenye mifupa, naye anajua fika mfupani mwake kuna chuma. Hapo kila kitu kinaonekana kujieleza, na hapo ndipo tunapopotea.

Goti bandia kwa kawaida ni aloi ya kobalti na kromiamu, mara nyingi pamoja na titaniamu, na katikati kuna plastiki ngumu. Kweli metali hupitisha joto upesi. Ndiyo maana ukishika bomba la uani alfajiri ya Julai vidole vinauma. Lakini bomba liko nje, linapigwa na upepo wa Loleza usiku kucha. Kilichomo gotini kimezungukwa na mfupa, misuli na damu inayopita, kwa hiyo kinakaa kwenye joto lilelile la mwili wako. Hakina baridi ya kukupa.

Kama huniamini, weka mgongo wa kiganja chako kwenye goti moja, kisha kwenye lingine. Lililopasuliwa litakuwa la moto zaidi, na litabaki hivyo kwa miezi, kwa wengine karibu mwaka mzima, kwa sababu mwili unapeleka damu nyingi huko kuponya. Yaani palipo na chuma ndipo penye joto, na mwenye goti anatetemeka. Sababu itafutwe kwingine.

Kutetemeka kwa saa za mwanzo, pale unapotoka chumba cha upasuaji meno yakigongana, kuna maelezo mafupi. Ganzi ya mgongoni hulegeza mishipa ya damu ya miguu, joto lililokuwa kifuani na tumboni linasambaa hadi kwenye ngozi na kupotea. Chumba chenyewe kina ubaridi, nawe umelala humo na nguo nyepesi. Wauguzi wanajua la kufanya, na kwa kawaida siku haiishi kabla halijapita. Kinachowaleta watu kwangu ni baridi ya wiki ya pili, ya tatu, hata ya sita, wakiwa nyumbani.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza ni damu. Upasuaji wa kubadilisha goti au nyonga unaweza kumpotezea mtu karibu lita nzima ya damu, wakati mwingine zaidi, na mtu mzima ana lita tano hivi. Sehemu kubwa huioni, maana haimwagiki. Inajificha ndani ya nyama za paja na kuzunguka goti, ndiyo ile michubuko ya zambarau inayoshuka mpaka kwenye kifundo. Mtu aliyeingia na HB, yaani kipimo cha wingi wa damu, ya 13 anaweza kutoka na 10, akaambiwa hahitaji kuongezewa damu, na ni kweli hahitaji. Lakini damu ndiyo inayobeba oksijeni ya kuunguza chakula kiwe joto, na ndiyo inayolisambaza joto hilo mpaka vidoleni. Ikipungua, mwili unabana mishipa ya ngozi ili viungo vya ndani vipate vya kutosha. Mikono na miguu inabaki baridi, unachoka kwa kupanda ngazi tatu, moyo unakwenda mbio. Kisha watu wanakuambia ni uzee.

Kwa sisi wa miinuko kuna nyongeza. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe na Makete ni juu zaidi. Hewa ikiwa nyepesi mwili huzoea kutengeneza damu nyingi kidogo kuliko ya mtu wa pwani. Kwa hiyo HB ambayo Dar es Salaam ingeitwa "si mbaya", ukirudi nayo Makambako inaweza kukupungukia. Na wengi wanarudi hivyohivyo: wamefanyiwa upasuaji Muhimbili, pale MOI, taasisi ya mifupa ya Dar es Salaam, wametoka kwenye joto la kuvaa kanga moja, basi limepanda Kitonga, jioni wanashukia kwenye baridi ya kipupwe. Baridi ingewashika hata kama wangekuwa wazima.

Damu hairudi kwa wiki moja. Hesabu wiki sita hadi nane, na zaidi kama akiba yako ya madini chuma ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Ndiyo maana mgonjwa akiniambia anasikia baridi isiyo ya kawaida, simuulizi ana blanketi ngapi, namuuliza HB yake ya mwisho ilikuwa ngapi na lini. Kipimo hiki kipo mpaka vituo vya afya. Ikiwa chini, daktari ataamua kama unahitaji vidonge vya kuongeza damu na kwa muda gani. Usivinunue kwa kukisia, kwa sababu si kila upungufu wa damu unatokana na kukosa madini hayo.

Na hapa nigombane kidogo na watu wangu wa Rungwe na Mufindi. Chai tunailima, chai tunainywa, na mgonjwa mwenye baridi hupewa chai kila anapokohoa. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini chuma ya kwenye maharage na mboga za majani yasifyonzwe vizuri, na vidonge vya damu vilevile. Sisemi uache. Kunywa saa moja au zaidi baada ya kula, na kidonge ukimeze kwa maji au juisi ya chungwa. Maini, nyama na dagaa vina madini ambayo mwili huyachukua kwa urahisi zaidi. Juisi ya rozela ni tamu na sina ugomvi nayo, ila isichukue nafasi ya maini.

Mtuhumiwa wa pili ni misuli. Ukiwa umekaa kimya, misuli haizalishi joto la maana, na msuli mkubwa wa mbele ya paja hunywea haraka mno baada ya upasuaji wa goti. Ongeza usingizi mbovu na hamu ya kula iliyopotea, utapata mtu anayekula robo sahani ya ugali, amekaa kutwa, kisha anashangaa kwa nini hapati joto. Nyumba zetu nazo sakafu ni saruji, hazina kipasha joto, dirisha linapitisha upepo. Dawa ninayoipenda ni ya bure: kila saa unapokuwa macho, kaza paja uhesabu mpaka tano kisha legeza, mara kumi, pandisha na shusha vifundo vya miguu, halafu inuka na magongo yako uende mpaka mlangoni na kurudi. Hupasha joto, na husaidia damu isigande kwenye mshipa wa mguu. Saa nne asubuhi jua likichomoza vizuri, fanyia nje ukutani upande usio na upepo.

Barafu ndiyo inayoniletea ugomvi. Namwambia mtu aweke barafu kwenye goti dakika kumi na tano hadi ishirini, naye ananitazama kama nimerukwa na akili, tena Julai. Faida ya barafu si kubwa kama tunavyoitangaza, lakini hupunguza maumivu na uvimbe wa siku za mwanzo. Vaa sweta, funika tumbo, kifua na mguu mwingine, weka kitambaa kati ya barafu na ngozi. Ukiona inakutetemesha mwili mzima, iache; sitakulazimisha.

Kuhusu kujipasha joto, kuna mambo mawili nayasisitiza mpaka nachosha. Jiko la mkaa lisilale ndani. Moshi hauonekani, mkaa umekuwa mwekundu mzuri, mlango umefungwa sababu ya baridi, na kaboni monoksidi haina harufu. Huku nyanda za juu familia zimelala hivyo zisiamke. La pili ni chupa ya maji ya moto. Baada ya upasuaji wa goti, ngozi ya upande wa nje wa kovu mara nyingi hufa ganzi kwa sababu vijineva vidogo vimekatwa, hivyo maji yatakuunguza bila wewe kuhisi. Weka chupa kitandani kabla hujalala, kisha itoe. Soksi za sufu ni nzuri, lakini kwenye sakafu iliyopigwa nta ni mtelezo, basi tafuta zenye mpira chini au vaa kandambili za kufunga nyuma. Aliyebadilishiwa nyonga asijikunje kuzivaa kama daktari wake bado amemkataza; binti au mjukuu amvalishe.

Dawa nazo zichunguzwe. Aliyetumia tramadoli kwa wiki kadhaa akaiacha ghafla anaweza kupata baridi, jasho na kukosa utulivu. Inapaswa kupunguzwa polepole kwa maelekezo ya daktari. Baadhi ya dawa za presha, kama atenolol, hufanya vidole vya mikono na miguu kuwa baridi. Dawa ya kuzuia damu kuganda watu huilaumu kwamba inageuza damu kuwa maji. Haifanyi hivyo, na kuiacha kwa sababu ya baridi ni hatari kweli.

Sasa usichanganye kusikia baridi na kutetemeka kwa homa. Nunua kipimajoto duka la dawa. Ukitetemeka mpaka kitanda kinatikisika, joto likafika nyuzi 38 au zaidi, au kidonda kinatoa majimaji, wekundu unasambaa, maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, nenda hospitali siku hiyohiyo na waambie una kiungo bandia. Maambukizi kwenye kiungo bandia yakiwahiwa hutibika kwa urahisi zaidi. Usianze antibiotiki za dukani, zitaficha ushahidi kabla majimaji ya goti hayajapimwa. Kama umetoka Dar au Kyela karibuni, upimwe malaria pia. Na mguu mmoja tu ukiwa wa baridi, umepauka na kufa ganzi, hiyo ni dharura ya mshipa wa damu, usisubiri asubuhi. Ule unaovimba na kuuma nyama ya nyuma ya muundi nao ukaonwe, huenda damu imeganda.

Kwa wengi baridi hii hupungua damu inavyorudi na hatua zinavyoongezeka, mara nyingi ndani ya miezi miwili au mitatu. Ikipita hapo na HB ni nzuri, mimi hushauri mtu aombe kupimwa tezi ya shingo, kipimo kinachoitwa TSH. Tezi inayofanya kazi kwa uvivu huleta baridi, uzito, ngozi kavu na choo kigumu, na mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi kabla ya upasuaji bila kujua. Nyanda hizi zilijulikana kwa rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo, kabla chumvi haijaanza kuwekwa madini joto, kwa hiyo mwenye umri wa kubadilishiwa goti leo amekulia katika miaka hiyo. Mwambie daktari pia kama mama yako au dada yako aliwahi kuwa na rovu.