Mnavu, mchicha pori na mnanaha: tazama mche kabla ya kuchuma

Masika yakishika, mboga za bure huota kila upande: mchicha pori, mnavu, mgagani, mlenda. Ni mboga nzuri, na sisi tunaoshughulika na utambuzi wa mimea hatuna sababu ya kumtisha mtu asizichume. Wasiwasi wetu ni juu ya mmea mmoja unaoota katikati yake, yaani mnanaha, ambao kitaalamu huitwa Datura stramonium.

Mnanaha hauhitaji msitu. Hupenda udongo wenye mbolea na uliovurugwa: jalalani, kando ya zizi, kwenye boma lililohamwa, pembezoni mwa shamba la mahindi. Huko huko ndiko mchicha pori na mnavu hunawiri. Kwa hiyo mchumaji anayepata madhara kwa kawaida hakupotea njia. Alikwenda panapostahili, ila alichuma kwa kukumba fungu zima, na ndani ya fungu mkawa na vichipukizi viwili vitatu visivyo vya mboga.

Mnanaha uliokomaa ni vigumu kuukosea. Shina lake hugawanyika panda kwa panda, na kwenye kila panda hukaa ua moja refu kama tarumbeta, jeupe au la zambarau. Tunda lake ni kibumba chenye miiba kinachopasuka sehemu nne na kumwaga mbegu nyeusi. Majani ni mapana, yenye meno makubwa yasiyolingana. Mnavu hautoi kitu kama hicho: vijiua vyake ni vyeupe, vidogo, vyenye umbo la nyota na kitovu cha njano, na matunda yake ni mviringo kama punje za njegere, yakining'inia kwa vishada. Yakiiva huwa meusi au ya rangi ya chungwa, kutegemea aina. Yakiwa mabichi, ya kijani, yaache. Hayo yana sumu hata kwenye mnavu halisi.

Kazi ipo kwenye miche, kwa sababu mboga huchumwa ikiwa changa, kabla ya ua wala tunda. Mnavu na mnanaha ni wa ukoo mmoja, pamoja na nyanya na biringanya, na majani yao ya mwanzo hufanana. Hapo angalia chini kabisa ya shina, kwenye yale majani mawili ya kwanza yaliyotoka kwenye mbegu. Ya mnanaha ni marefu na membamba, yamechongoka kama mkuki. Ya mnavu ni madogo na yana umbo la yai. Mchicha nao majani yake ya mbegu ni membamba, lakini ni mafupi mno kulinganisha na ya mnanaha, na mara nyingi upande wa chini yana wekundu. Kisha fikicha jani: mnanaha hutoa harufu nzito, mbaya, ambayo mboga hizi nyingine hazina. Ukibaki na shaka, mche huo uache uendelee kukua. Ua litakupa jibu.

Kuonja si kipimo. Mnavu wenyewe ni mchungu, hivyo uchungu haukuambii lolote. Kuchemsha na kumwaga maji hupunguza ukali wa mnavu, lakini usitegemee kuwa kutaondoa sumu ya mnanaha. Na habari ya kwamba mbuzi alikula akapona ni ya mbuzi.

Mbegu za mnanaha pia ni hatari, maana huvunwa pamoja na nafaka au soya shamba lisipopaliliwa vizuri. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, mamia ya watu waliugua na 5 wakafariki baada ya kula uji wa unga wa msaada uliokutwa na sumu za mnanaha. Anayepepeta mtama au ulezi nyumbani aziangalie zile mbegu bapa zenye umbo la figo.

Aliyekula mnanaha hukauka kinywa, mboni za macho hupanuka, ngozi huwa ya moto na kavu, moyo huenda mbio. Baadaye huanza kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo, na ndipo wengine hudhani karogwa, saa zikapotea kwa kutafuta mganga. Mpeleke hospitali mara moja. Usimtapishe, na usipoteze muda kumnywesha maziwa. Chukua mboga iliyobaki, iwe imepikwa au mbichi, uende nayo.

Ukitaka kututambulisha mmea, picha ya jani moja haitusaidii sana. Ng'oa mmea mzima na mizizi yake, na ua au tunda kama lipo, uulaze ndani ya gazeti. Usiutie kwenye mfuko wa plastiki, maana utatufikia umeshaoza.