"Ni uji mwepesi tu, nesi": tunayoyasikia wodi ya upasuaji

"Ni uji mwepesi tu, nesi, siyo chakula." Hayo ni maneno ya ndugu aliyeamka alfajiri kupika kwa upendo, na huweza kuahirisha upasuaji mzima. Uji ni chakula. Chai ya maziwa nayo imo humo humo. Dawa ya usingizi huzima kikohozi kinachotukinga tunapopaliwa, hivyo kilichomo tumboni kikipanda huteremkia kwenye mapafu. Kwa kawaida mlo mwepesi unasimama masaa 6 kabla, na chapati, sambusa na vingine vya mafuta masaa 8. Kichanga huacha kunyonya masaa 4 kabla.

Upande wa pili kuna dhana tunayoieneza sisi wauguzi wenyewe, kwamba mgonjwa asiguse hata maji tangu usiku wa manane. Asiye na tatizo la tumbo huruhusiwa maji matupu au chai ya rangi hadi masaa 2 kabla ya dawa ya usingizi. Aliyepangiwa saa nane mchana kwa nini aingie thieta midomo imekauka na kichwa kinamgonga? Muulizeni daktari wa usingizi, ruhusa ni yake.

Wembe pia uachwe nyumbani. Wengi hudhani kunyoa ndiyo usafi, kumbe wembe huacha vijeraha visivyoonekana, navyo ni mlango wa vijidudu. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linasema wazi: nywele zisinyolewe, zikibidi kutolewa, zikatwe kwa mashine. Kuoga na sabuni, basi.

Wapo wanaonung'unika: "Mbona kila mtu ananiuliza jina na ninapasuliwa wapi? Hawajui?" Wanajua. Wanahakikisha. Orodha hiyo ya maswali ilijaribiwa katika hospitali za miji 8 duniani, mmojawapo Ifakara, na matokeo yakatolewa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Jibu tu, hata kama ni mara ya nne.

Akitoka thieta, ndugu hutaka "atulie, asitikisike". Hapa ndipo tunapobishana zaidi. Mgonjwa anayelala tu damu huweza kuganda miguuni, na makohozi hujaa kifuani. Daktari akiruhusu, tunamkalisha, tunamsimamisha, anatembea hatua chache. Akikohoa anabana mto kwenye kidonda. Ila hawezi kufanya hayo akiwa na maumivu makali, na bado wapo wanaomwambia avumilie asije akazoea dawa. Mofini ya siku chache, kwa kipimo kinachofuatiliwa, ni nadra kumfanya mtu teja. Maumivu yasiyotulizwa ndiyo yanayomfanya apumue nusunusu. Kwa hiyo asingoje hadi alie, aseme mapema.

Kuhusu sindano ya ganzi ya mgongo, kila mama aliyejifungua kwa upasuaji huilaumu mgongo ukimuuma miaka mitatu baadaye. Utafiti haujaonyesha kwamba ndiyo chanzo cha maumivu ya kudumu. Ujauzito, kubeba mtoto na kuinama kumnyonyesha vinatosha kuuumiza mgongo. Kinachojulikana kweli ni maumivu ya kichwa ya siku za mwanzo, yanayozidi akikaa na kupungua akilala. Hayo atuambie, yana tiba.

Na dripu si chakula: lita moja ya maji ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 50 tu za sukari. Wala mama aliyepasuliwa salama halazimiki kusubiri ajambe ndipo ale. Hata kutafuna bigijii husaidia utumbo kuamka.

Nyumbani, tumbo lililoshonwa halikandwi kwa maji ya moto, wala kidonda hakipakwi majivu au dawa ya meno. Kikitoa usaha au harufu, kikiachia, au homa ikipanda, rudini siku hiyo hiyo, msingoje tarehe ya kliniki.