Je, wajua kwa nini MAC si jina la kitu kimoja?

Fundi wa mitandao akitaja MAC, mara nyingi anazungumzia anwani ya biti 48 ambayo kadi ya mtandao hupewa kiwandani. Mtaalamu wa usalama wa data akitamka herufi hizo hizo, anamaanisha msimbo mfupi unaoambatanishwa na ujumbe ili mpokeaji ajue kama umechezewa njiani. Tena zipo kompyuta za Apple.

Chanzo kimoja ni uchache wa herufi. Ukipanga herufi tatu za Kiingereza kwa kila namna unapata michanganyiko 17,576, lakini fani ya kompyuta na mitandao hung'ang'ania herufi chache. P inayofunga IP, TCP, FTP na DHCP ni ile ile ya protokali, yaani kanuni za mawasiliano kati ya vifaa.

Chanzo kikubwa zaidi ni kwamba hakuna ofisi inayogawa vifupisho. Kila shirika lina viwango vyake: ITU huandika vya simu, IEEE vya Ethernet na Wi-Fi, IETF vya intaneti, na mabenki yana msamiati wao. Ndivyo ATM ilivyopata maana mbili: mashine ya kutolea pesa, na teknolojia ya mtandao iliyokata data vipande vya baiti 53, yaani 48 za mzigo na 5 za maelekezo. (Hiyo 48 ni maafikiano: Ulaya ilitaka 32, Marekani 64, wakakutana katikati.) Watu wa benki na wa simu hawakusumbuana sana, kwa kuwa kila mmoja alibaki kwenye fani yake.

Kazi huwa ngumu maana mbili zinapoingia kwenye waraka mmoja. Katika viwango vya Wi-Fi, MAC tayari ilikuwa sehemu inayopanga zamu za vifaa kurusha data hewani, na anwani ile ya kadi imetokana nayo. Kiwango cha usalama cha 802.11i kilipoidhinishwa mwaka 2004, msimbo wa kulinda ujumbe uliitwa MIC ili usigongane nayo. Uamuzi mzuri sana, na laiti ungeigwa kwingine.

PSK haikupata bahati hiyo. Kwenye mipangilio ya ruta, WPA2-PSK (WPA ni ulinzi wa Wi-Fi) inahusu nywila mnayotumia pamoja nyumbani. Kwenye redio ya ruta hiyo hiyo, PSK ni njia ya kubeba biti kwa kubadili awamu ya wimbi. Ukiiona kando ya WPA, ni nywila; ikitanguliwa na B au Q, ni wimbi.