Kuweka ethi kwenye bomba la plastiki la kufyonza vumbi la mbao: maana yake na faida yake

Fundi anayefanyia kazi bandani nyuma ya nyumba, iwe Isevya au Ipuli hapa Tabora, akitaka kufyonza vumbi hununua bomba la PVC la maji machafu, inchi 4, maana ndilo linalopatikana madukani. Kisha anaambiwa aliwekee ethi, la sivyo vumbi litalipuka. Ushauri huo una ukweli kidogo na hofu nyingi.

Ethi ni njia ya kushusha chaji ya umeme ardhini, na njia hiyo hutaka kitu kinachopitisha umeme. Fremu ya chuma ya msumeno ukiifunga waya mahali pamoja, chaji ya fremu nzima inashuka. Plastiki haipitishi. Vumbi na maranda yakisugua ukuta wa bomba, chaji hubaki hapo hapo ilipotokea. Waya ukiufunga kwenye bomba hutuliza pale unapogusa tu. Pembeni kidogo chaji iko vile vile. Ndiyo maana wengine huzungushia bomba zima waya wa shaba. Hilo hupunguza cheche, lakini haliziondoi. Wapo pia wanaoupitisha ndani ya bomba, na mimi siwashauri kabisa: maranda marefu ya mninga hujisokota kwenye waya hadi bomba linaziba.

Chaji yenyewe ipo kweli. Kiangazi, hewa ikiwa kavu, sogeza mkono karibu na bomba wakati randa inakula ubao: malaika ya mkononi yanasimama. Ukigusa, cheche inakuuma kidole. Mvua zikianza, hali hiyo hupungua sana.

Lakini cheche hiyo ni dhaifu, kwa kawaida milijuli (kipimo kidogo cha nishati) chache tu, na wingu la vumbi la mbao kwa kawaida huhitaji makumi ya milijuli ili liwake. Tena wingu lenyewe lazima liwe zito, takriban gramu 40 au zaidi kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Feni inayovuta mita za ujazo 10 kwa dakika ingebidi ilishwe gramu 400 za vumbi laini kila dakika. Maranda hayahesabiwi humo. Banda la nyumbani halifiki huko. Kiwanda ni habari nyingine. Huko mabomba huwa ya chuma, na kila kiungo huunganishwa na ethi.

Mimi ninaogopa zaidi mfuko wa vumbi. Msumeno ukigonga msumari uliojificha kwenye ubao, kaa dogo la moto hufyonzwa hadi mfukoni na kufuka taratibu hadi usiku, watu wamelala. Mfuko umwagwe nje ya banda kila jioni.

Ethi iwekwe kwenye vyuma: mashine, feni, klipu za bomba, na waya wa springi ulio ndani ya bomba linalokunjika. Chuma kilichozungukwa na plastiki hukusanya chaji na kuitoa yote kwa mkupuo mmoja, na mkono unaweza kuruka kuelekea kwenye meno ya msumeno. Kabla ya hayo yote, muite fundi umeme apime kama soketi ya bandani ina ethi kweli. Nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu ambazo waya wa tatu haukuunganishwa popote.