Mabasi ya Jiji la Tanga: Kabla ya Kukopa, Tujue Nani Atalipa

Tangu Mamlaka ya Maji Tanga ilipouza hati fungani yake mwaka 2024, swali moja limekuwa likitujia mara kwa mara sisi tunaofundisha uchumi wa usafirishaji: kama maji yamepata mabilioni sokoni, kwa nini mabasi yasipate? Wanaouliza wana sababu. Hati ile ilikuwa ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na wanunuzi walijitokeza kupita kiasi kilichotafutwa. Ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mji uliozoea kusubiri fungu kutoka Hazina ukaona kwamba kuna mlango mwingine.

Ila mlango huo ni wa kukopea. Anayenunua hati fungani anakopesha, na anataka chake kirudi pamoja na riba. Kwa maji, kinachorudisha fedha ni ankara. Kila nyumba iliyounganishwa ina dira, mteja anajulikana kwa jina na mtaa, asiyelipa anakatiwa. Mkopeshaji anaweza kukaa na vitabu vya miaka kadhaa iliyopita akaona kiasi kinachoingia kila mwezi. Sasa jaribu kumpa mtu huyohuyo vitabu vya daladala za Tanga. Abiria anampa konda nauli, risiti hakuna, jioni tajiri anapokea hesabu yake na kinachobaki ni cha dereva na konda. Hakuna anayejua kwa uhakika ruti ya Ngamiani hadi Kange inabeba watu wangapi kwa siku. Mapato yapo, lakini hayana kumbukumbu, na mapato yasiyo na kumbukumbu hayakopesheki.

Hata tukiyaandika yote, bado kuna hesabu. Kila shilingi bilioni 1 iliyokopwa kwa asilimia 13.5 inadai riba ya shilingi milioni 135 kwa mwaka, yaani karibu shilingi 370,000 kwa siku. Tuseme, kwa mfano tu, basi linabakiwa na shilingi 100 kwa kila abiria baada ya dizeli, mishahara, matairi na gereji. Hayo ni makisio ya ukarimu. Basi kila bilioni 1 inahitaji abiria 3,700 kwa siku kulipa riba peke yake, mtaji wenyewe haujaguswa. Ukikopa kiasi kile cha hati ya maji, unahitaji abiria zaidi ya 196,000 kila siku, Jumapili na sikukuu za Idi zikiwemo. Sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi wa Jiji la Tanga 393,429, pamoja na wachanga waliobebwa mgongoni. Nusu ya jiji ingelazimika kupanda basi kila siku ili tumridhishe mwenye hati.

Sisemi kukopa ni kosa. Nasema mkopo hauwezi kujibu swali la nani atalipa. Unaamua tu atalipa lini. Vivyo hivyo ubia wa serikali na kampuni binafsi, ambao wengi wanautaja kana kwamba mwekezaji analeta sadaka. Ukizipekua njia zote zilizotumika duniani kugharamia usafiri wa umma, mwisho unakuta mifuko mitatu: wa abiria, wa mlipa kodi, na wa yule anayenufaika na basi bila kulipanda.

Tuitazame Dar es Salaam kwanza, maana ndiyo tunayoifahamu. Awamu ya kwanza ya mwendokasi, yaani mabasi yenye njia zao maalumu, kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Kariakoo, ilianza kutoa huduma mwaka 2016. Barabara zake zilijengwa kwa mkopo nafuu wa Benki ya Dunia. Njia ya Mbagala ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Aliyesaini mikopo hiyo ni Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, wala si jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo mama muuza samaki wa Sahare na mkulima wa Muheza wanashiriki kuilipa kupitia kodi zao, na sioni ubaya, kwani uchumi wa Dar unalisha nchi nzima. Ubaya ni kudhani kwamba kila jiji litapata kama ile. Mwanza, Arusha, Mbeya na Dodoma wako kwenye foleni hiyohiyo, na wote wana watu wengi kutuzidi au hoja nzito kama yetu.

Kuna jambo jingine ambalo Dar imelionyesha kwa gharama. Fedha za kujenga njia na fedha za kuendesha mabasi ni vitu viwili, na mara nyingi vina watoaji wawili. Wafadhili hupenda zege, kwa sababu linaonekana na lina siku ya uzinduzi. Njia ya Mbagala ilikamilika ikakaa ikisubiri mabasi, huku wakazi wake wakiendelea kugombania madirisha ya daladala. Addis Ababa ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2015 ilifungua reli ya mjini iliyogharimu takriban dola milioni 475, nyingi zikiwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya treni zake 41 zilikuwa zimesimama kwa kukosa vipuri na matengenezo. Deni lenyewe halikusimama.

Mfuko wa abiria una kina kifupi. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu, ndiyo inayopanga nauli, mwanafunzi hulipa pungufu, na ukipandisha nauli sana watu wa kipato cha chini wanarudi kwenye miguu na baiskeli. Kwa Tanga, baiskeli si fedheha. Ni mji wa baiskeli kuliko miji mingi ya nchi hii, na kila anayeendesha kwenda kazini analipunguzia jiji mzigo bila kudai hata senti. Ajabu ni kwamba mipango ya usafiri humsahau.

Mfuko wa mlipa kodi ndio mkubwa, na miji mingine imeutumia kwa ujasiri. Mwaka 2016 wapiga kura wa Los Angeles walikubali kujiongezea kodi ya mauzo ya nusu senti kwa kila dola, kura zikihitajika theluthi mbili na zikapita. Bogotá ilitumia tozo ya petroli kujenga sehemu kubwa ya njia za mwendokasi wake, TransMilenio, zilizofunguliwa Desemba 2000, halafu ikaacha kampuni binafsi zilete mabasi. Ufaransa, tangu 1971 kwa eneo la Paris, inawatoza waajiri kwa kuangalia mishahara wanayolipa, kwa hoja kwamba kiwanda ndicho kinachowahitaji wafanyakazi wafike asubuhi. London tangu Februari 2003 inatoza magari yanayoingia katikati ya jiji, na fedha hizo zinarudi kwenye usafiri. Hili la mwisho tuliache lipite. Anayeita foleni ya saa mbili asubuhi pale mjini Tanga kuwa msongamano hajakaa Ubungo.

Kwetu ugumu uko kwenye mamlaka. Halmashauri haiwezi kuamka asubuhi ikaanzisha kodi ya mafuta au ya mauzo. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa imeorodhesha vyanzo vyake, na sheria ndogo haziwezi kuvuka hapo. Tozo ya mafuta ni ya taifa. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA, wakala wa serikali kuu wa barabara za vijijini na mijini, na huo ni ushahidi kwamba Watanzania hulipia barabara kupitia pampu ya mafuta kila siku. Barabara, lakini, si basi. Hata ada ya maegesho iliwahi kuwekwa mikononi mwa TARURA. Kuna ushuru wa huduma unaolipwa na kampuni kwa kuangalia mauzo, nao unakuja kwa msimu: mradi mkubwa ukijengwa unapanda, makandarasi wakiondoka unashuka. Tanga ya bandari iliyoongezwa kina na ya bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani inapaswa kuwa makini hapo. Fedha za msimu zinafaa kununulia kitu cha mara moja, kama karakana au mfumo wa tiketi. Ukizilipia mishahara ya madereva, utakwama mwaka makandarasi watakapofunga mizigo.

Umebaki mfuko wa tatu, ambao kwa maoni yangu ndiko Tanga ilikolaza fedha zake.

Huduma nzuri ya usafiri ikipita mahali, ardhi ya hapo hupanda bei. Mwenye kiwanja hajafanya lolote, amekaa tu, na basi limempandishia thamani. Hong Kong imeujenga mtandao wake wa treni kwa kanuni hiyo: kampuni ya reli inapewa haki ya kuendeleza ardhi juu na kandokando ya vituo, na faida ya majengo inasaidia kugharamia reli. London, ilipojenga njia iliyofunguliwa 2022 kwa jina la Elizabeth, iliyatoza majengo makubwa ya biashara nyongeza ya peni 2 kwa kila pauni ya thamani yake ya kodi, kuanzia 2010, miaka 12 kabla treni ya kwanza haijabeba abiria wa kulipa katikati ya jiji.

Kwetu kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, tangu 2021. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Njia hiyo ni rahisi na imewafikia wengi ambao awali hawakulipa. Lakini ni kiwango kimoja. Nyumba iliyo jirani na stendi ya Kange, yenye fremu za maduka mbele, na nyumba ya ndani kabisa ambako hata bajaji inasitasita, zikiwa na mita moja kila moja, zinakatwa sawa. Kodi ya namna hiyo haina macho ya kuona thamani inayoletwa na usafiri.

Halmashauri, hata hivyo, ina chombo kingine ambacho haihitaji kuomba ruhusa mpya: kupima na kuuza viwanja. Tanga inatoka nje kwa barabara kuu chache, ile ya Segera inayopita Kange na Pongwe, ile ya Horohoro kupitia Amboni, na ya Pangani. Ruti yoyote kubwa ya baadaye itafuata mojawapo. Jiji likipima maeneo ya biashara kando ya vituo kabla ya kuyatangaza, na likauza au kukodisha kwa bei inayotambua kwamba kituo kinakuja, ongezeko la thamani linaingia kwenye akaunti ya jiji badala ya mfuko wa dalali. Mpangilio ndio kila kitu. Tangazo likitangulia upimaji, ndani ya wiki chache kila kipande kitakuwa na mwenyewe, kibao cha "kiwanja hiki hakiuzwi" na mpwa wa diwani.

Sambamba na hilo kuna fidia. Sheria ya Barabara ya 2007 iliweka hifadhi ya mita 30 kila upande wa barabara kuu kutoka katikati. Pale hifadhi ilipo wazi, njia ya mabasi inajengwa kwa bei ya lami na zege. Pale ilipojaa nyumba na vibanda, gharama inapanda na mradi unachelewa miaka mahakamani. Kulinda hifadhi leo ni uwekezaji wa bei nafuu kuliko wote niliotaja, na hauhitaji mfadhili.

Mabasi yenyewe yatoke wapi? Hapa ningeangalia Dakar kuliko Dar. Kuanzia 2005 wamiliki wa mabasi makuukuu ya Dakar walijiunga katika vikundi, wakapata mabasi madogo mapya kwa mkopo uliopitia chombo chao wenyewe cha kuweka na kukopa, kwa fedha zilizoanzia Benki ya Dunia. Marejesho yakaenda kununua mabasi mengine. Serikali haikumiliki basi wala kumwondoa tajiri barabarani. Ilimpa masharti: kikundi, ruti, tiketi, gari jipya.

Sisi tayari tunakopesha usafiri, ila kwa vipande. Sehemu ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokwenda kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu imenunua bajaji na bodaboda katika halmashauri nyingi za nchi hii. Kila chombo kinajitafutia abiria wake, hakiweki kumbukumbu ya safari, na kinaposhindwa kurejesha hakuna anayejua kama tatizo lilikuwa biashara au mkopaji. Fedha ileile ikielekezwa kwa vikundi vyenye ruti moja, tiketi za kielektroniki na akaunti ya pamoja, baada ya miaka mitatu au minne tutakuwa na kitu ambacho leo hatuna: vitabu vya mapato. Na mwenye vitabu ndiye anayeweza kurudi kwenye swali la hati fungani akiwa na cha kuonyesha.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaouliza ni kwamba hati ya mabasi Tanga inawezekana, ndogo kuliko ya maji, ya kununulia mabasi na karakana tu, na ilipwe kwa kodi za fremu na viwanja vya vituo zaidi ya nauli. Haiwezekani mwaka huu.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, lakini bajeti ya jiji hupita kwenye kata na baraza la madiwani miezi kadhaa kabla ya hapo, na vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi. Anayetaka kufuatilia aangalie vifungu viwili: fungu la upimaji wa viwanja, limeelekezwa barabara ipi, na kama kuna hata shilingi iliyotengwa kuhesabu abiria. Kuhesabu kunahitaji vijana, karatasi na wiki mbili stendi, na ni kazi ambayo chuo chochote cha hapa Tanga kinaweza kuifanya pamoja na jiji.