Chanjo Inayokivuruga Kipimo

Mzee mmoja wa upande wa Njoro alinipigia simu juzi kabla hata sijanywa chai. Ana mtamba wa gredi mwenye mimba ya miezi minne. Mnunuzi alitaka cheti, damu ikapimwa, majibu yakasema ana brusela, ugonjwa wa bakteria unaowatupisha ng'ombe mimba na kuambukiza hata watu. “Daktari,” akaniambia, “huyu alidungwa chanjo ya ugonjwa huohuo. Sasa ni chanjo imemletea?”

Nilimwomba anisubiri kidogo, maana jibu lake linaanzia maabara, kwenye kipimo chenyewe.

Kipimo kinachotumika sana ni rahisi. Unatia tone la serumu, yaani majimaji ya damu, na tone la antijeni (brusela waliouawa) yenye rangi ya waridi kwenye kigae cheupe, unakoroga, unasubiri dakika 4. Ikifanya vipunje, damu ina kingamwili za brusela, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza ukikutana na bakteria huyo. Lakini bakteria mwenyewe hujamwona. Umeona nyayo tu, na nyayo hazisemi kama aliyepita ni bakteria wa ugonjwa au yule wa kwenye chupa ya chanjo.

Kwani lazima chanjo iwe na bakteria hai? Kwa brusela, karibu ni lazima. Mdudu huyu, Brucella abortus, humezwa na seli nyeupe za damu ili auawe, naye anafanya makao humohumo ndani. Kingamwili zinazoelea nje hazimfikii. Wanaoweza kumtoa ni askari wengine wa mwili, wale wanaoshughulika na seli zilizovamiwa, na hao hawaamki vizuri ukiwaonyesha maiti. Chanjo za bakteria waliouawa zilijaribiwa, zikaachwa nyuma.

Chanjo kongwe, S19, ilipatikana kwa bahati. Mwaka 1923 huko Marekani, John Buck alimpata bakteria kwenye maziwa ya ng'ombe wa Jersey. Mbegu hiyo ikakaa maabara zaidi ya mwaka bila kuwekwa kwenye baridi, na ilipojaribiwa tena ikawa imepoteza makali. (Mimi nikisahau sampuli mezani mwaka mzima, nitaitwa ofisini.) Baadaye sana ndipo sababu mojawapo ilipojulikana. Kondo la nyuma la ng'ombe lina sukari iitwayo erithritoli, na bakteria wa brusela huipenda kuliko glukosi. Ndiyo maana hukimbilia tumbo la uzazi, na mimba hutoka ikiwa kubwa, kuanzia mwezi wa tano hivi. Bakteria wa S19 sukari hiyo humdumaza badala ya kumnenepesha. Hata hivyo usimdunge ng'ombe mwenye mimba, kwa sababu anaweza kuitupa.

Shida ya S19 ni koti. Brusela wa kawaida amevaa mnyororo wa sukari juu ya ukuta wake, na S19 amevaa uleule. Kipimo cha waridi kinatafuta koti hilo.

Watafiti wakatafuta bakteria asiye na koti. Walimkuza mara nyingi kwenye chakula kilichotiwa rifampisini, dawa ya kuua bakteria, hadi akabaki uchi, wakamwita RB51. Marekani iliikubali chanjo hiyo mwaka 1996. Ng'ombe aliyedungwa RB51 hakivurugi kipimo. Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani hapo mambo yameisha.

Hayajaisha. Bakteria huyu amezoea rifampisini, na rifampisini pamoja na doksisaiklini ndizo dawa ambazo daktari hutoa mara nyingi kwa mtu mwenye brusela. Sindano ikinichoma kidole, nimepoteza dawa moja kati ya hizo mbili. Tena kipimo cha kawaida cha hospitali hakitaniona, kwa sababu nacho kinatafuta koti. Mwaka 2017 kule Texas, mtu aliugua RB51 baada ya kunywa maziwa mabichi. Kwa hiyo nikishika chupa ya RB51 huwa sitaki mtu aniongeleshe, na ng'ombe lazima afungwe vizuri hata kama mwenyewe anaapa ni mpole.

Nikarudi kwa mzee. Nilimuuliza mtamba alidungwa akiwa na umri gani. Akafikiri. “Alikuwa karibu kupandwa.”

Kumbe. S19 hupewa ndama jike wa miezi 3 hadi 8, na wakidungwa wakati huo, kingamwili nyingi huwa zimepungua kabla hawajakomaa. Ukimdunga akiwa mkubwa, zinakaa muda mrefu. Nikamuuliza kuhusu kadi, hakuna. Nikamwambia aangalie ndani ya sikio kama kuna chale ya namba. Akaenda bomani na simu mkononi, nikasikia akimbembeleza mnyama, kisha akasema sikio ni safi kabisa. Basi hatujui hata ni chanjo gani. Aliyedunga hakuacha maandishi, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Tutachukua damu tena na kuipima kwa ELISA ya ushindani, kipimo kingine cha kingamwili ambacho hutofautisha S19 na ugonjwa kwa kiasi fulani, si kikamilifu. Kwa sasa mtamba ametengwa, hauzwi, na maziwa ya ng'ombe wengine wa boma hilo yanachemshwa kabla ya mtu kuyanywa. Atazaa baada ya miezi mitano. Nimemwambia mzee anipigie simu siku hiyo hata kama ni usiku wa manane, na asiguse kondo la nyuma kwa mikono mitupu wala asiwaachie mbwa.